Saa Tatu ya Asubuhi au ya Usiku

Mimi nina mdomo, sikatai. Lakini nina mikono pia, na siku ile daktari wa meno alipoingia kwenye duka letu la kutengeneza saa akanipita kama sipo, akaenda moja kwa moja kwa baba, damu ilinichemka.

Alileta saa ya mkono ya marehemu mjomba wake, iliyolala kabatini miaka. Si saa ya mchezo. Inaonyesha siku, tarehe, mwezi, hata umbo la mwezi wa angani, na isiposimama inajua yenyewe mwaka upi Februari huongezwa siku. Ikishasimama, lazima fundi aipeleke mpaka leo kwa kubonyeza vitufe vidogo vya ubavuni. Mbele tu. Kurudi nyuma haijui.

"Nataka mzee mwenyewe aishike," daktari akasema. "Leo jioni namkabidhi binti wa marehemu."

Baba akaficha mikono chini ya meza. Ilianza kutetemeka mwaka jana, na alikuwa ameshatamka wazi kwamba siku atakayoshindwa kazi kubwa, duka tunafunga. Mimi aliniachia betri na mikanda. Betri na mikanda, mtu mzima na akili zangu.

"Itakuwa tayari," nikadakia kabla hajakataa. Baba akanikata jicho. Daktari akaenda kunywa chai kwa jirani.

"Haya, mjuaji," baba akasema, akinisogezea kijiti butu cha kubonyezea. "Imesimama saa tatu. Anza na tarehe."

Nikakishika, kisha nikakiweka chini. "Saa tatu ya asubuhi au ya usiku?"

"Ya asubuhi. Bonyeza, mama, mwenye mali anasubiri."

"Umejuaje, baba?"

Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba usiku magurudumu ya kalenda huwa yameshikana, yanajiandaa kubadilisha siku. Ukibonyeza hapo unavunja meno, na meno hayo daktari wetu hana dawa yake.

"Unanibishia?"

"Nakubishia."

Ikiniharibikia mkononi, ndiyo basi, mlango wa duka unafungwa na mimi ndiye niliyeufunga. Nikavuta kizungushio cha pembeni, nikaisogeza mishale mbele, taratibu. Saa nne. Saa tano. Ilipofika saa sita, tarehe ikaruka.

Kumbe ilikuwa usiku.

Baba alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Sikumwangalia sana, maana namheshimu. Nikazungusha mpaka asubuhi, ndipo nikabonyeza: tarehe, siku, mwezi, mwaka, na mwisho kabisa mwezi wa angani, nikitaja kila hatua kwa sauti nisije nikapitiliza. Kila kitufe kilipoitika nilijiona mkubwa, na sioni aibu kusema.

Daktari akarudi, akainama mbele ya baba. "Mzee, huyo binti nimwambieje? Ikisimama tena afanye nini? Kuna saa asizopaswa kuigusa?"

Baba akainuka kwenye kiti chake cha dirishani, ambacho tangu nizaliwe sijaona mwingine akikikalia. Akanishika bega, akaniketisha.

"Mimi usiniulize," akamwambia. "Muulize fundi."