Leo Cyrus Hajavaa

Mabasi ya watalii wanaokuja kutazama majani hayavuki daraja letu. Ni daraja la mbao lenye paa, limesimama zaidi ya miaka mia, na kibao chake kinasema mwisho ni tani tatu. Kwa hiyo kila Oktoba, majani yakishageuka mekundu, mabasi husimama upande ule mwingine, mbele ya duka la mikate la Hollis Tuttle. Watu hushuka, hupiga picha za vilima, hununua donati za Hollis na juisi yake ya tofaa ya moto, kisha hurudi ndani ya basi. Upande wetu wa daraja nipo mimi, mke wangu Ardith, na mafagio.

Natengeneza mafagio kwa mkono. Kazi hiyo nilijifunza katika kitabu cha maktaba ya hapa Corriston, na nilipoona mafagio hayanunuliwi, nilirudi maktaba kuazima vitabu vinavyofundisha jinsi maduka madogo yanavyoweza kuvuta wateja majira ya kupukutika majani. Nilivisoma vitatu. Mawazo niliyaandika kwenye daftari, nikayapa namba, na kuyajaribu moja moja, ili nikishindwa nijue ni lipi lililonishinda.

Wazo namba nne lilikuwa shindano la kukisia uzito wa boga. Niliweka boga kubwa nje siku ya Ijumaa. Nungunungu akalila kwa upande wa nyuma, na kufika Jumapili lilikuwa limebaki uso tu. Wazo namba saba, niligonga mhuri wa duka kwenye majani makavu mia mbili, nikayamwaga mahali mabasi yanapoegesha, watu wayaokote. Hollis akatoka akayafagia. Kwa fagio langu.

"Umefika namba ngapi?" Ardith aliniuliza jioni moja mwanzoni mwa Oktoba, tukiwa mezani.

"Tisa."

"Zimebaki ngapi?"

"Mbili. Ila ya kumi na moja bado sijaijaza."

Aliweka kijiko chini. "Basi nisikilize, Orrin. Ikifika Jumatatu ya likizo ya katikati ya mwezi watu hawajaanza kuvuka daraja, tunafunga. Nimeshaongea na Marcia. Chumba kipo, na kina kiyoyozi."

Marcia ni dada yake, anakaa Florida. Nilifika huko mara moja, mwezi wa Novemba, na jasho langu likadondokea kwenye supu. Miti ilikuwa ya kijani yote, kama haijaambiwa ni mwezi gani. Sikubishana na Ardith, kwa sababu alikuwa na haki: miaka sita amesimama nyuma ya meza ya duka akipangusa vumbi kwenye vitu vilivyotengenezwa kuondoa vumbi. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Nina miaka sitini na mmoja, na sijawahi kuishi mahali ambapo sioni ule mto.

Namba kumi lilikuwa wazo la kawaida kabisa. Kila duka hapa kwetu huketisha mtu wa majani makavu mlangoni, kama yule wa kutishia ndege shambani, na sisi hatukuwahi kuwa naye. Jumamosi nilikwenda kwenye mitumba ya kanisa, nikanunua suruali, kofia, na koti la sufu la mirabaraba, nyekundu na nyeusi, kwa dola nne. Lilikuwa koti la mwindaji, zito, lenye harufu yake. Ardith alipoliona aliligeuza kola, akatabasamu kidogo, akalirudisha bila kusema kitu. Nilipaswa kumuuliza.

Tulimpa mtu wetu jina la Cyrus. Jumapili nikamketisha kwenye benchi la nje, mgongo wima, fagio mapajani. Hakuna aliyevuka kuja kumwona.

Jumatatu asubuhi nilimkuta amekaa vilevile, kofia kichwani, fagio mapajani, lakini koti hakuna. Kifua chote ni majani.

Saa nne akaja Glenda, mke wa Hollis, akitembea polepole katikati ya daraja. Mkononi alikuwa na koti, limekunjwa vizuri.

"Nimeliokota njiani," alisema.

"Ahsante, Glenda."

Alimvisha Cyrus mwenyewe, akafunga vifungo vyote mpaka kile cha shingoni, akampiga begani mara mbili kama mtoto anayekwenda shule, akaondoka.

Jumanne, hivyo hivyo. Asubuhi hajavaa, saa nne amevaa. Jumatano niliamka mapema, nikakaa na kahawa nyuma ya dirisha. Saa kumi na moja na nusu gari la mikate lilipita darajani taa zikiwa zimezimwa. Hollis Tuttle, mwenyekiti wa umoja wetu wa wenye maduka, akashuka na aproni yake, akamvua Cyrus koti kwa upole, kama anayemhudumia mgonjwa, akarudi alikotoka.

Nilimwambia Ardith. Alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi.

"Ni koti lake la kuwindia," alisema. "Glenda alilipeleka kanisani, nikiwepo, kwa sababu linanuka. Hollis alipolitafuta, akamwambia hajui liko wapi."

"Kwa nini asimwambie tu kwamba ameliona hapa?"

"Akisema ameliona, atakuwa amemwambia mkewe ni mwongo. Na Glenda akisema acha kulichukua, atakuwa amekiri. Kwa hiyo yeye analificha, mke analitafuta, analirudisha. Wewe unawajua watu wa hapa."

Nawajua. Mimi ni mmoja wao.

"Nitamrudishia," nilisema.

"Jaribu uone," alisema Ardith. "Toka nje kwanza."

Nilitoka. Wanawake wawili wa basi, donati mkononi, walikuwa wamesimama mbele ya benchi.

"Ndiye huyu?" mmoja aliniuliza. "Huko dukani wanasema asubuhi huwa uchi."

"Hajavaa bado," nilisema. "Huvaa saa nne."

"Tumsubiri?"

"Ndani kuna joto, mama. Karibuni."

Walisubiri ndani, na mtu hawezi kukaa nusu saa katikati ya mafagio bila kuligusa moja. Walipoondoka, niliingia bandani nikachonga kibao. Nilikisimamisha kwenye mdomo wa daraja, upande wa Hollis, nacho kikasema: LEO CYRUS HAJAVAA. Saa nne na dakika tano nilivuka nikakigeuza. Upande wa pili kilisema: LEO CYRUS AMEVAA.

Sikumsema mtu. Niliandika tu hali halisi.

Alhamisi basi zima lilivuka. Wazee wa mji waliokuwa hawajakanyaga upande wetu tangu mafuriko walikuja na viti vya kukunja. Walikuwa wakikisiana dakika ambayo Glenda atatokea, na mshindi akinunuliwa kahawa. Glenda alipita katikati yao akiangalia mbele, akafanya kazi yake, akampiga Cyrus begani, akarudi. Hakuna aliyemuuliza swali. Wageni ndio waliouliza, na wenyeji wakawaambia wangoje hadi kesho.

Ijumaa alasiri Hollis alivuka kwa miguu, mchana kweupe.

"Orrin."

"Hollis."

Alimsogelea Cyrus, akaushika mkono wa koti.

"Hilo koti ulilinunua?"

"Dola nne. Stakabadhi ninayo."

"Dola nne." Alitamka kama mtu aliyesomewa wosia ambao hakutajwa. "Kulungu kumi na saba, Orrin. Wote nikiwa nimelivaa hilo."

"Lichukue basi, ni lako. Huna haja ya kuja alfajiri."

Nilisema hivyo kwa sababu ndilo lililokuwa jambo la haki kusema. Lakini nilitaja haki kwa sauti ndogo sana, maana kesho yake ilikuwa Jumamosi ya likizo, mabasi sita, na Cyrus asiyevuliwa wala kuvishwa si habari kwa mtu yeyote. Nilikuwa nikiomba akatae.

"Nikiingia nalo mlango wa mbele," alisema Hollis, "itabidi nimuulize Glenda lilifikaje kanisani."

"Muulize."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia tuvue nguo tuogelee. "Tumeoana miaka thelathini na mmoja."

"Unalificha wapi?"

"Kila siku mahali papya. Jana nililiweka ndani ya lile tanuri bovu, nikaweka magunia matatu ya unga mbele."

"Na?"

"Na saa nne wakapiga makofi huku kwako. Niliyasikia kutoka dukani." Alitikisa kichwa. "Halafu unawachukua wateja wangu."

"Wanakuja na donati zako mkononi, Hollis."

"Hilo kweli," alisema baada ya kufikiri. "Na wakirudi wananunua nyingine. Baridi ya darajani hiyo."

Ndipo namba kumi na moja ilipojijaza yenyewe kwenye daftari langu, na haikutoka kitabuni. Nilimweleza polepole. Alisema hapana. Alisema yeye ni mwenyekiti wa umoja wa wenye maduka. Akala donati aliyokuwa nayo mfukoni mpaka ikaisha, akajipangusa sukari.

"Glenda anakuja saa ngapi kamili?" aliuliza.

"Saa nne."

Jumamosi kibao kilisema AMEVAA tangu saa tatu unusu, na hilo peke yake lilitosha. Wenyeji walisimama mbele yake wakibishana.

"Orrin amekosea."

"Orrin hakosei. Huyo anaandika hata siku anayonyoa."

"Basi Hollis anaumwa."

Walivuka wote, na mabasi yakavuka nyuma yao, yaani watu wake, mpaka mbao zikawa zinalia. Cyrus alikuwa kwenye benchi, koti mwilini, majani yakichomoza mikononi na shingoni, gunia la uso limevutwa hadi kidevuni, kofia juu. Yule wa majani matupu nilikuwa nimemlaza bandani na kumfunika turubai.

Saa nne Glenda akatokea, mikono mitupu. Baadaye alituambia alikuwa ametafuta hadi ndani ya pipa la sukari. Alipoona koti liko mahali pake alisita, akaangalia kushoto na kulia, akasogea. Kifungo cha shingoni kilikuwa wazi. Glenda hawezi kuacha kifungo wazi. Akainama kukifunga.

"Hicho kiache, Glenda," alisema Cyrus. "Kinanikaba."

Mgeni mmoja aliangusha kikombe. Glenda hakuruka wala hakupiga kelele. Alimalizia kukifunga kile kifungo, akarudi nyuma hatua moja.

"Nilijua ni wewe," alisema. "Cyrus hukaa wima."

Umati ukaangua kicheko. Hollis akavua gunia, nywele zimejaa majani.

"Ulilipeleka kanisani," alisema.

"Nililipeleka."

"Uliniambia hujui liko wapi."

"Nilikuwa sijui. Nilijua limeuzwa tu."

"Ni koti la bahati, Glenda."

"Linanuka, Hollis. Ukilivaa, mbwa anaomba kushuka kwenye gari."

"Harufu kidogo tu."

"Ni kweli linanuka," alisema mgeni mmoja mwenye kofia ya kijani, aliyesimama safu ya tatu, na akaonekana kujuta.

Hollis alilinusa bega lake mwenyewe, kwa haki kabisa, akakohoa. Glenda akakunja mikono. "Nyumbani kwangu halilali."

Hapo niliona jambo likielekea pabaya, watu mia mbili wakiwa wamesimama. Ardith akaongea kutoka mlangoni, bila kupandisha sauti.

"Lilale huku. Banda la mafagio lina hewa. Novemba aje alichukue akawinde, akimaliza alirudishe. Siku nyingine zote alivae Cyrus."

Glenda alimtazama mumewe. Mumewe alimtazama Glenda.

"Ana kulungu wangapi huyo Cyrus?" Hollis aliuliza.

"Hajaua hata mmoja," nilisema.

"Basi haliwezi kupungukiwa na bahati," alisema, akainuka, akampa mkewe mkono. Glenda akaanza kumtoa majani nywelani moja moja, mbele ya watu wote, jambo ambalo hapa kwetu ni zaidi ya kubusiana.

Hadi saa nane ukuta wangu ulikuwa umebaki misumari. Ardith aliuza hata fagio letu la jikoni, kisha akanituma bandani nikafunge mengine, na watu wakaja kusimama nyuma yangu kuangalia. Jumapili vilevile. Hollis alileta birika kubwa la juisi upande wetu, akaligonga kwa kijiko kila Cyrus alipovuliwa na kuvishwa, maana sasa walikuwa wanafanya pamoja, yeye na mkewe, kwa zamu.

Jumatatu jioni nilikaa nikifunga mpini, mgongo nimeupa simu. Ardith alipiga Florida.

"Hapana, Marcia. Kutembea labda, Februari... Hicho chumba kipe wengine... Orrin? Yuko hapa, anajifanya hasikii."

Niliendelea kufunga mpini uleule, ambao ulikuwa umeshafungwa.

Alikuwa bado hajaweka simu vizuri, Glenda akaingia kwa mlango wa nyuma na mfuko mkubwa begani. Aliutua mezani. Ardith akaufungua, akatoa suruali ya kuvulia samaki yenye viraka saba, kofia ya masikio, na ndara za manyoya zilizoliwa na mbwa upande mmoja.

"Za mwakani," alisema Glenda.

"Hollis anajua?"

"Bado."

Nilivuta daftari taratibu, nikatafuta ukurasa safi, nikaandika: kumi na mbili.