Amerudi Kwao

Nane Nane ikiangukia siku ya kazi, nusu ya waumini wa Magomeni huwa wameshapanda basi tangu juzi yake. Walimu wanaomba ruhusa na kuiunganisha na mwisho wa wiki, watu wa bandarini wanabadilishana zamu, na wanaobaki wanajiandaa kwenda Lindi kwenye maonyesho, kuangalia ng'ombe ambao hawatawanunua. Kwa hiyo asubuhi ile Misa ya kuwaombea wakulima ilisaliwa na watu arobaini na kitu, na wakulima wenyewe hawakuwapo. Walikuwa mashambani, wanapuliza salfa kwenye mikorosho.

Mwalimu Magreth hakusafiri. Kwao ni Mbinga, na Mbinga alikuwa akienda kila Desemba. Alikuwa mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Anna, na siku hiyo alikuwa na zamu ya mlangoni, kazi aliyoipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Miaka ishirini na sita ya darasani ilimpa jicho la kujua nani kaficha majibu kwenye soksi, na jicho hilo hakuliacha shuleni. Alijua nani kaja baada ya Injili na nani katoroka kabla ya baraka. Alikuwa mtu wa kushuku, tuseme ukweli, ila yeye mwenyewe alikuita kushuku huko uangalifu.

Basi akamwona binti mmoja kwenye benchi la nyuma, ushungi wa bluu umebanwa kwa pini chini ya kidevu. Akina mama wa parokia hufunga vitambaa, fundo likaja kisogoni. Pini chini ya kidevu ilikuwa habari nyingine. Binti alisimama wengine wakishasimama, akapiga magoti wengine wakishapiga, na ishara ya msalaba akaianzia begani. Mkononi alikuwa na leso nyeupe iliyopigwa pasi.

Ulipofika wakati wa Komunyo, binti akaingia kwenye foleni. Magreth akaingia nyuma yake, watu watatu wakiwa katikati.

"Mwili wa Kristo," Padre akasema.

"Asante," akajibu binti, mahali pa "Amina".

Padre akasita. Lakini watu walikuwa wakisubiri, na yeye mwenyewe alikuwa na safari ya Lindi na vijana wa parokia. Akamwekea hostia kiganjani. Magreth aliuona mkono ule ukifumba. Hakuuona ukienda mdomoni. Badala yake aliiona leso ikifunguliwa, ikakunjwa tena, na binti akaelekea mlango wa pembeni kama mtu anayewahi kitu jikoni.

Damu ilimchemka Magreth. Akatoka kwenye foleni bila kukomunika. Hakuna Mkatoliki ambaye hajasikia habari hizo: hostia inatolewa kanisani, inapelekwa kwa mganga, inasagwa kwenye dawa ya cheo au ya kumlipiza mtu kisasi. Aliyeona kwa macho yake hapatikani, ila waliosikia ni wengi, na Magreth alikuwa wa kwanza kuamini. Wala haukuwa umbeya mtupu. Alimpenda Bwana wake, na kufikiria kwamba yuko ndani ya leso ya mtu asiyemjua kulimtia hofu ya kweli.

Nje ya sakristia akamkuta katekista Godfrey.

"Katekista, kuna binti katoka na hostia."

"Una uhakika, Mwalimu?"

"Nimeona."

"Basi subiri Padre amalize, tumwambie."

"Padre akimaliza, Mwili wa Bwana utakuwa umeshatwangwa."

Alipofika barabarani, bodaboda iliyombeba binti ilikuwa inakata kona. Vijana wa kijiweni wakamwambia kwamba abiria yule katokea Ziwani asubuhi, na dereva wake alikuwa anamsubiri muda wote wa Misa. Magreth akaona mambo yamekaa wazi: mtu kapanga safari, kakodi pikipiki ya kwenda na kurudi, kachagua siku ambayo kanisa lina watu wachache. Akapanda ya kwake, kitenge cha Bikira Maria akakibana magotini, akasema wamfuate.

Njia nzima alisali Salamu Maria, na katikati ya kila moja akapanga maneno atakayomwambia yule binti. Lami iliisha, vumbi likaanza. Mikorosho ilikuwa imechanua, na harufu ya salfa ilimkaba koo. Watu waliofunga nyuso kwa vitambaa, mashine za kupulizia mgongoni, waligeuka kumtazama. Hata hao aliwashuku.

Ziwani akawapoteza. Ikabidi aulize kwenye genge la mihogo, kwa mzee mmoja jina lake Hamisi.

"Ushungi wa buluu? Lukia huyo, binti wa Fadhili," akasema Hamisi, ambaye kila r kwake ni l. "Nyumba ile yenye bati jipya."

"Pale wana shughuli gani?"

"Shughuli gani tena, mama? Wana mgonjwa. Wamejalibu kila kitu."

"Kila kitu, kama nini?"

"Hospitali, dawa za miti, dua. Mtu akiuguliwa anachagua?" Akakitazama kile kitenge kutoka juu mpaka chini. "Kwani we nani?"

Magreth alishageuka kuelekea lile bati jipya. Dawa za miti zilimtosha.

Alipiga hodi kwa sauti ya kuzuia wanafunzi kukimbia kwenye korido. Binti akatoka mwenyewe, ushungi kichwani, leso hana.

"Kiko wapi ulichokichukua kanisani?"

Rukia hakukana. Hilo lilimkera Magreth, maana alijiandaa kwa mtu wa kukana.

"Shikamoo, mama. Kipo ndani. Amekikataa."

"Nani kakikataa?"

"Shangazi. Anasema hakiletwi hivyo. Ananigombeza tangu nimefika. Karibu."

Chumba kilikuwa kimefagiliwa. Juu ya kigoda palikuwa na sahani nyeupe imefunikwa kawa, na kando yake mshumaa umewashwa mchana kweupe. Kitandani alilala mwanamke aliyebaki ngozi na mifupa, rozari imezungushwa mkononi. Akageuza kichwa taratibu.

"Mwalimu," akasema. "Nilimwambia Rukia mtakuja tu."

Alikuwa Riziki. Bibi Riziki, mjane wa Josephu wa bandarini, aliyefagia kanisa la Magomeni kila Jumamosi kwa miaka kumi na moja, mara nyingi yeye na Magreth, mmoja upande wa wanaume na mwingine upande wa wanawake. Magreth akakaa kwenye mkeka bila kukaribishwa.

Mwezi wa pili, kwenye sala ya jumuiya, Magreth aliita majina ya wagonjwa wanaopelekewa Komunyo nyumbani. Alipofika kwa Riziki, jirani mmoja alisema, "Riziki amerudi kwao." Basi, maneno hayo tu. Riziki alizaliwa Mwislamu, akabatizwa alipoolewa, na sasa mume hayupo. Magreth akachukua kalamu nyekundu, akalikata jina, pembeni akaandika: amerudi dini ya zamani. Hakuna aliyebisha. Jumuiya nzima ilikuwa watu wa kuja, wa Songea, wa Moshi, wa Bukoba, ambao hurudi kwao kila likizo, na yeye mwenyewe alirudi kwao Mbinga kila Desemba bila mtu kumkata popote. Kwa Riziki peke yake neno hilo lilikuwa na maana nyingine.

"Nilifika kanisani mara mbili," Rukia alikuwa anasema. "Mwezi wa nne na wa sita. Yule baba wa ofisini akaangalia orodha ya wagonjwa, akasema jina halipo, labda ni la parokia nyingine. Shangazi analia kila siku. Nikasema Nane Nane watu watakuwa wachache, hakuna atakayenitazama."

"Sikumtuma," Riziki akasema. "Nilipoona amekuja nacho kwenye leso nilishtuka. Nikamwambia akiweke na leso yake kwenye sahani safi, awashe mshumaa, tusubiri wenyewe waje. Sasa umekuja. Padre yuko nje?"

Hapo Magreth angeweza kusema kwamba Padre yuko njiani na yeye katangulia kumwona mgonjwa. Uongo wenyewe ungekuwa mdogo na ungempa Riziki furaha. Ulimi ulikuwa tayari.

"Padre hayupo," akasema. "Na sikuja kwa ajili yako, Bibi Riziki. Nilimfuata Rukia nikijua ni mwizi. Na jina lako kwenye orodha nililikata mimi."

Rukia akaacha kukunja shuka.

"Ulilikata kwa nini?" Riziki akauliza.

"Nilisikia umerudi kwenu."

"Si nimerudi. Kwetu ndiyo hapa. Ningeuguzwa na nani pale mjini?"

"Nilielewa umerudi dini."

"Dini?" akadakia Rukia. "Baba yangu ndiye aliyemkumbusha Ijumaa Kuu asile nyama."

Riziki akamwashiria anyamaze. Alimtazama Magreth bila hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulibeba.

"Simu yangu si unayo, Mwalimu? Mbona hukuniuliza?"

Namba alikuwa nayo. Magreth akalia, kwa aibu, mbele ya binti ambaye yeye ndiye alikuja kumkamata, na hakuna aliyembembeleza.

Alipoweza kusema akampigia Padre simu. Gari lilikuwa limeshafika Mikindani, vijana wanasikika wakiimba.

"Padre, kuna mgonjwa Ziwani, hali yake mbaya. Ile hostia iko hapa."

"Hostia gani? Mgonjwa yupo kwenye orodha?"

"Hayupo. Nilimfuta mimi, kwa kosa langu. Ana miezi sita hajapata Komunyo."

Kisha akamsikia Padre akimwambia dereva asimame, awashushe vijana, ageuze.

Alikuja baada ya saa moja na nusu. Wote wakatoka nje, Riziki akaungama, na muda wote huo Fadhili, baba yake Rukia, aliyekuwa ametoka shambani na salfa bado kwenye nyusi, alisimama uani akiwafukuza kuku wasipige kelele. Walipoitwa ndani, Padre alimpaka mafuta, akafunua kawa, akaifungua leso ya Rukia. Riziki alipokea, akafumba macho. Magreth hakuwahi kuona mtu akila kitu kidogo hivyo kwa njaa kubwa hivyo.

Padre akakunja stola yake ya shingoni. Akasema kila Ijumaa katekista ataleta Komunyo mpaka hapo mlangoni.

"Mwalimu, mwandike sasa hivi, asije akasahaulika."

Magreth akatoa daftari la jumuiya mkobani, akatoa na kalamu. Riziki akainua mkono kidogo kutoka kwenye shuka.

"Padre, Mwalimu nimemsamehe. Nimemsamehe kweli, na Mungu anajua. Lakini asiandike yeye."

"Aandike nani?"

"Rukia."

Padre alimtazama Magreth. Magreth akafungua ukurasa wa wagonjwa, wenye ule mstari mwekundu na maneno yake pembeni, akampa binti daftari na kalamu. Rukia aliyasoma yote kwanza, bila haraka. Kisha akakaa kwenye mkeka, akaandika jina la shangazi yake chini ya pale lilipokatwa, na Magreth akasimama pembeni akisubiri amalize.