Nyumba ya Mwenyewe

Mwanaheri alihama na mlango. Vitu vingine vilikuwa vimekwisha kwenda na moto au na watu: mpunga wa ghalani, kuku, kinu, hata kamba za kitanda. Mlango peke yake ulibaki umesimama kwenye miimo iliyoungua, ukifunga na kufungua nyumba isiyokuwepo. Mumewe aliuchonga kwa mninga mwaka walipooana, na siku Mwanaheri alipoamua kutoka Umwe kwenda Salale, kule deltani, aliung'oa, akaweka kata kichwani, akajitwika.

Kabla ya kupanda mtumbwi ilimpasa apite kwa karani. Tangu vita vya maji viingie milima ya Umatumbi, Wadachi walikuwa wameamuru kwamba mtu asihame bila cheti, na cheti kiseme anahamia nyumba ya nani. Nyumba ya mwanamume aliyekwenda vitani ilichukuliwa, wakaingizwa ndani wakata mikoko wa serikali, na mkewe akapelekwa bomani kuulizwa maswali. Umwe nzima ililijua hilo. Umwe nzima ilijua pia kwamba Kibwana, mume wa Mwanaheri, alipanda milimani na wenzake miezi minane iliyopita wala hajarudi. Walijua wakanyamaza, maana ilikuwa shida kumpata mtu ambaye hakuwa na ndugu yake huko.

Jirani yake Johari alikuwa nyuma yake mstarini, na hakuwa mtu wa kuliacha jua liwachome bure.

"Umekuja na mlango, shoga? Wenzio wanatafuta nyumba, wewe unatafuta ukuta?"

"Ukuta ninao huko Salale. Alijenga mwenyewe, miaka ile alipokuwa akikata boriti."

"Basi ukifika pale sema uongo mfupi. Mrefu utakumwagikia njiani."

Mbele yao mama mmoja alimwomba askari "yale ya kunywa". Siku hizo neno maji lilikuwa zito mdomoni. Watu walisema ya kunywa, ya kunawa, ya kupikia, wasije wakaulizwa ni maji gani hayo.

Karani alikuwa Sadallah, mgeni aliyeletwa kutoka mbali, shati jeupe, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hakuinua kichwa.

"Jina?"

"Mwanaheri binti Mrisho."

"Unahamia wapi?"

"Salale."

"Nyumba ya nani?"

Uongo alikuwa nao tayari: nyumba ya marehemu baba yake. Aliulea toka alfajiri. Lakini shingo ilikuwa inamuuma kwa mlango, na mtu aliyechoka ulimi wake hurudi kwenye njia uliyoizoea. Miaka kumi na minne hakuwahi kulitamka jina la mumewe, kama wasivyolitamka wanawake wenzake. Mke mwenye adabu humwita mumewe *mwenyewe*, na mtaa wote humwelewa.

"Ya mwenyewe," alisema.

Johari alikohoa kikohozi kisichokuwa na mafua. Mwanaheri alijua amekwisha jitia kitanzi; sasa ataulizwa huyo mwenyewe ni nani na yuko wapi. Lakini Sadallah alikuwa mseja, na duniani hapakuwa na mwanamke wa kumwita hivyo. Alichovya kalamu, akaandika kwa herufi za Kiarabu, polepole: *Anahamia Salale, nyumba ya mwenyewe.*

"Una bahati kuwa na nyumba yako," alisema akimpa karatasi. "Wenzako wanakwenda kubanana kwa ndugu."

Nje, Johari alijishika mbavu. "Na hukusema uongo hata chembe! Nyumba umepewa kwa adabu zako, mwanamke wewe!"

Mwanaheri hakucheka. Alijitwika tena mlango wake.

Nyumba ya Salale ilikuwa ndogo, imekaa ukingoni mwa mikoko, ukuta wake una chumvi. Shaabani, mdogo wake Kibwana, ndiye aliyekuwa akiiangalia. Alikuwa amesoma chuoni kwa mwalimu, na alikiomba cheti akisome hata kabla hajauliza habari za safari.

"Nyumba ya mwenyewe," alisoma. "Mwenyewe yupi, shemeji?"

"Humjui kaka yako?"

"Mimi namjua. Karani je, alimjua?"

Shaabani aliikunja karatasi mara mbili.

"Kumbe umemrithi mtu hajafa. Hata eda hukukaa."

"Nirudi basi nikasahihishe? Nikalitaje jina lake mbele ya askari? Sema, shemeji. Mtumbwi bado upo pale."

Shaabani aliinama akaubeba mlango upande mmoja, Mwanaheri upande wa pili, wakautia kwenye miimo mipya bila ya kutazamana.

Siku zikapita za kukata udongo, kuziba nyufa na kuanika kamba juani. Johari naye alikuja Salale kwa dada yake, akaja na habari zake zote, na nyumba ikawa haikosi watu. Hata hivyo Mwanaheri aliposikiliza mazungumzo mkono wake ulikuwa kwenye upindo wa kanga, pale alipoifunga karatasi. Kuipoteza nyumba hakukumtisha kama zamani. Alikwisha poteza moja akaona kwamba mtu huendelea kupumua. Kilichomchosha ni kufikiri kwamba Kibwana angerudi siku moja, amekonda, mguu umevimba, akaikuta karatasi inayomjua mkewe, inaijua nyumba yake, na yeye haimjui kabisa.

Wiki ya nne watu wa serikali walikuja kukagua nyumba. Karani safari hii alikuwa Mwinyimvua, mtu mzima wa mwambao mwenye kanzu na wake wawili, na nyuma yake askari wawili. Shaabani alikuwa barazani akichonga upondo wa mtumbwi. Mwinyimvua alikisoma cheti, akakisoma tena, kisha akatabasamu.

"Nyumba ya mwenyewe. Mimi pia kwangu huitwa hivyo, tena na wawili." Tabasamu likaisha. "Mwenyewe ni nani, bibi?"

Kisu cha Shaabani kilisimama.

"Ni mimi," alisema Mwanaheri.

"Wewe."

"Mimi."

Mwinyimvua alipitisha kiganja juu ya mlango, penye alama za tezo. "Kazi nzuri. Kauchonga nani?"

"Fundi mmoja wa Umwe."

"Anaitwa nani?"

Alihisi jina limejaa kinywani, zima, pamoja na miaka kumi na minne ya kulimeza. "Simjui jina," alisema.

Karani alimgeukia Shaabani. "Na wewe, bwana? Mwenyewe ndiye huyu?"

Shaabani aliitazama miguu ya shemeji yake, ilivyopasuka kwa matope ya chumvi. "Ndiye," alisema. "Hatuna mwingine."

Mwinyimvua aliwatazama wote wawili kitambo. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha andika majina mengi, na mengine ameyaandika akijua yatakwenda wapi. Kisha akarudisha cheti, akawaashiria askari, wakashuka kwenye nyumba ya pili. Shaabani aliendelea kuchonga, ila maganda yalitoka manene, upondo ukaharibika.

Adhuhuri Johari alisimama nje, akabisha kama anavyobisha mwanamke anayetaka kujua kama mume yumo, avute kanga, au aingie vivi hivi.

"Hodi! Mwenyewe yupo?"

Miezi yote hiyo jibu lilikuwa moja: hayupo, pita. Lilikuja hadi ncha ya ulimi. Mwanaheri akalirudisha.

"Nipo," alisema.

Johari aliingia akicheka, tayari ana habari ya nyumba ya tatu na mayowe yaliyosikika huko, lakini kicheko kilimwishia kizingitini. Mwanaheri alikuwa amesimama nyuma ya mlango, kiganja kwenye alama za tezo.

"Kibwana," alisema, chini chini, kama anayeonja chumvi ya mchuzi.

Johari alitazama pembeni, mfano wa mtu aliyemkuta mwenzake anaoga. Kisha akaketi mkekani, akajisogeza hadi ukutani, akaacha nafasi upande wa mlangoni, mahali pa mwenyewe.