Chemchemi ya Nyarubula

"Ijulikane kwa wananchi wote, wa mijini na wa vijijini, kwamba leo hii Kidato cha Tatu kinaondoka Bukoba kwenda Kimwani, kuthibitisha mbele ya Afrika nzima kuwa kijana wa Kitanzania mwenye ramani na dira hapotei!"

Aliyetangaza hayo ni Mwalimu Byabato wa jiografia, naye alikuwa amesimama juu ya kreti la soda ili kimo chake kifanane na maneno yake. Kreti likavunjika. Mwalimu akatua na mguu mmoja ndani ya beseni la uji. Kama Afrika nzima ilimwona hatujui, lakini wapishi wote walikuwa dirishani.

Bweni zima lilicheka isipokuwa Datius. Yeye alikuwa akiweka akiba ya kicheko kwa ajili ya jambo kubwa zaidi.

Muhula uliopita Datius aliadhibiwa kufagia chumba cha jiografia, kwa kosa la kulivika fuvu la maabara kofia ya mkuu wa shule. Mezani alikuta ramani ya Kimwani, ile moja tu ambayo shule ilikuwa nayo. Akachukua wembe. Polepole, kama mtu anayenyoa mtoto mchanga, akakwangua alama ndogo ya buluu iliyoonyesha chemchemi nyuma ya kilima. Kisha, kwa wino wa duka moja la Miembeni, akaichora upande wa pili, katikati ya rweya, yale majani matupu ambayo watu huenda kuyakata kwa kuezekea na kurudi makwao. Kando ya chemchemi akapanga vijisanduku vyeusi vya nyumba. Na kwa kuwa nyumba zisizo na jina hutia shaka, akaziandikia jina: Nyarubula.

Jina hilo hakupewa na mtu. Alilitafuna mdomoni peke yake mpaka likasikika kama lilikuwapo tangu enzi za mababu. Hakumwambia yeyote, hata Buberwa wa Kitendaguro, rafiki yake wa kitanda cha juu. Shabaha ilikuwa moja: Mwalimu Byabato azunguke rweya tupu akitafuta kijiji kisichokuwapo, mpaka akiri mbele ya darasa kwamba amepotea. Dhambi ndogo, kwa hesabu ya Datius. Adhabu yake haikuwa ndogo. Kuharibu mali ya shule siku hizo kuliitwa hujuma dhidi ya taifa, na mwenye hujuma alirudishwa kwao na godoro lake kichwani.

Lori lilipopita Muleba, Mwalimu alikunjua ramani magotini na kuipapasa.

"Mnaiona karatasi hii? Imelitumikia taifa. Likizo iliyopita, kamati ya kupanga vijiji vipya iliiazima. Ya kwao ilikuwa imeliwa na mchwa."

"Na hao mchwa, mwalimu," aliuliza Buberwa, "walihamishiwa kijiji gani?"

Lori zima likaangua kicheko. Datius naye alianza kucheka, kisha akaikazia macho ile ramani magotini mwa Mwalimu.

Walishuka mahali ambapo njia ya lori ilifia kwenye majani. Ulikuwa msimu wa kuchoma rweya. Moshi ulikuwa umelala juu ya nchi, na jua lilining'inia ndani yake, jekundu, unaloweza kulitazama bila kufumba macho. Hapakuwa na ndege. Mtu akikohoa, kikohozi hakikwenda mbali.

"Elekezeni ramani kaskazini!" aliamuru Mwalimu. "Vilima vya kwenye karatasi vitazamane na vilima vya Mungu. Kontua zikibanana?"

"Mteremko mkali!"

"Zikiachana?"

"Mteremko wa pole!"

Datius aliyajua hayo kuliko wote. Ndiyo maana aliweza kudanganya mahali panapofaa.

Mbele yao moshi ukatengana na mwanamke mzee akatoka ndani yake, kibuyu kikavu kichwani. Alijitambulisha kuwa ni Kokugonza, akawasalimu kwa Kihaya, kisha akahamia Kiswahili alipoona sare, akibakiza tu neno la heshima la kwao.

"Mnakwenda Nyarubula, waitu?"

Datius alisimama palepale. Ilikuwa kana kwamba neno lile lilitoka mdomoni mwake pale mezani, likavaa miguu, likatembea lenyewe hadi hapa kumsubiri.

"Nani... nani amekwambia jina hilo, mama?"

"Limeandikwa kwenye kibao, mwanangu. Shule yenu haifundishi kusoma?"

Wenzake wakamzomea. Wakamfuata yule mama, naye Datius akajiburuta nyuma.

Kibao kilikuwapo kweli, herufi nyeupe: KIJIJI CHA UJAMAA CHA NYARUBULA. Nyuma yake nyumba za majani zilipangana kwa mstari, jinsi alivyozipanga yeye. Migomba iliyopandwa ilikuwa imekauka ikiwa imesimama. Hakuna kuku aliyewika wala mtoto aliyelia. Na mwisho wa mstari, nyumba moja ilikaa upande, imezipa nyingine mgongo.

Datius aliikumbuka. Kengele ya chakula ilikuwa imelia, mkono ukateleza, kijisanduku cha mwisho kikalala mshazari.

"Mbona ile imenuna?" aliuliza Buberwa.

"Hiyo ni yangu," alisema Kokugonza. "Nilimwomba mpimaji anigeuzie mlango. Akasema ramani ndivyo ilivyo. Tangu tuhamishwe nawapa majirani mgongo, na wao wanadhani nina kiburi."

"Mpangilio safi kabisa," alinong'ona Mwalimu Byabato, macho yakimetameta. "Kama kwenye karatasi."

Hapo ndipo waliposikia sauti. Ilitoka chini ya miguu yao, nzito, kama ya mtu anayezungumza ndani ya mtungi.

"Vuta!"

Mwanafunzi mmoja alipiga kelele. Nyuma ya nyumba, wanawake walikuwa wamezunguka shimo jeusi, wakivuta kamba bila kuongea. Ndoo ikapanda imejaa udongo mkavu. Kando yao vibuyu vilisimama kwenye foleni, midomo wazi.

"Huyo ni mwanangu Ishengoma," alisema Kokugonza. "Tuliambiwa chemchemi iko hapa. Tulipofika tukakuta majani. Basi tukasema labda imejificha. Anachimba. Maji tunachota bwawani, tunagombania na ng'ombe, na watoto wameanza kuharisha."

Kwenye ukingo wa shimo kulikuwa na kibanda cha majani, kifupi, ambamo hata mbuzi asingeenea. Ndani yake kulikuwa na kahawa ya kutafuna juu ya jani la mgomba, ile anayopewa mgeni wa heshima, na kibuyu kidogo cha rubisi.

"Hii ni ya nani?" aliuliza Buberwa, sasa bila utani.

Mama Kokugonza aliishika rozari shingoni. "Sisi ni Wakatoliki, na padre msimwambie. Lakini huwezi kukaa penye jina la mtu usimwamkie. Kule kwetu kila kibanja kina makaburi yake, tunajua nani amelala wapi. Huyu Nyarubula ni nani? Wa ukoo upi? Tumeuliza mpaka Muleba, hakuna mzee anayemjua. Tunampa kahawa, tunampa pombe, anatunyima maji."

Akashusha sauti. "Mimi nimemwota. Ni mtoto, mkubwa kama hawa. Anakaa hapo ukingoni, anatazama mwanangu anavyochimba, anacheka. Nikimwuliza, wewe ni wa nani, anaziba mdomo kwa mkono."

Datius aligundua kwamba mkono wake uko mdomoni. Akaushusha taratibu na kuuficha mfukoni.

Shimoni kulisikika mporomoko wa udongo, kisha kikohozi.

"Ukuta unashuka!" ilisema sauti. "Si kitu. Niongezeeni kamba, niende chini zaidi."

Wanawake wakatazamana. Mmoja akamwuliza Mwalimu, kwa adabu anayopewa msomi, kama ni vyema kuendelea. Mwalimu Byabato akakunjua ramani, akaweka kidole.

"Chimbeni, mama. Ramani haisemi uongo. Chemchemi iko hapa hapa."

Kamba ikaanza kushuka.

Datius alifikiria godoro kichwani. Alimfikiria mjomba wake katekista, aliyekwisha kumtangaza kanisani kuwa daktari mtarajiwa. Akaitazama kamba. Ilikuwa ikishuka bado. Akatafuta njia ya katikati, kama ilivyo desturi ya waoga wenye akili.

"Mwalimu, mimi nasoma kontua. Nyuma ya kile kilima zinaingia ndani kama kabari. Hilo ni bonde. Huenda maji yapo kule, siyo hapa."

"Sikieni!" Mwalimu alifurahi hata akasahau shimo. "Hii ndiyo elimu!" Akainama juu ya ramani, kisha uso ukakunjamana. "Lakini hapa hakuna alama ya maji. Pameachwa patupu."

Akaiinua karatasi juu ili aone vizuri. Jua jekundu likapenya ndani yake. Karatasi yote ilibaki na kivuli isipokuwa mahali pamoja, nyuma ya kilima, palipokwanguliwa na wembe mpaka pakawa pembamba kama utando wa yai. Hapo mwanga ulipita, ukang'aa, duara dogo jekundu kama jicho lililofumbuka. Darasa zima lililiona. Wanawake nao waliliona, na mmoja akajifanyia ishara ya msalaba.

Mwalimu hakushusha karatasi. "Datius," alisema kwa sauti ndogo ambayo hawakuwahi kuisikia kwake. "Umejuaje?"

Mdomo wa Datius ulikuwa tayari na majibu: panya, mchwa, unyevunyevu, kamati. Ulikuwa mdomo hodari. Lakini udongo uliporomoka tena, safari hii kwa muda mrefu, na kikohozi kilichofuata kilikuwa dhaifu.

Akapiga magoti ukingoni, karibu na kibanda.

"Kaka Ishengoma, panda! Shika kamba utoke! Humo hakuna maji!"

"Nani anasema?" iliuliza sauti kutoka shimoni.

Wanawake walivuta kwa nguvu. Mama Kokugonza hakuvuta. Alikuwa akimtazama Datius usoni, kama anayemlinganisha na mtu aliyekwisha kumwona mahali fulani.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Nani anasema?"

"Mimi, mama. Maji yako nyuma ya kilima, niliyafuta kwa wembe nikayaweka hapa. Na nyumba nilizichora mimi, hata yako, mkono uliteleza. Nilitaka Mwalimu apotee tucheke. Hakuna Nyarubula, waitu. Hakuna aliyekufa hapa. Ni mimi tu."