Ngazi za Msalaba wa Tenbrook

Tk. Kimya kidogo. Tk. Nilikuwa macho gizani, nikisikiliza kifungo cha kisanduku cha chakula kikifunguliwa na kufungwa chumba cha pili. Bryony alikuwa anajifundisha kukifungua mwenyewe, kwa sababu nilimwambia shule mpya ina watoto wengi na mwalimu hawezi kumfungulia kila mtu. Ana miaka mitano. Nilitaka kumwita aje alale kifuani kwangu kidogo, nikajizuia, maana nilijijua: nikimkumbatia sitamwachia.

Siku hiyo nilikuwa nampeleka Tenbrook, na jioni yake hangerudi nami.

Shule yetu ya Orsley, ile iliyo kando ya mnara wa saa iliyoacha kutembea zamani, niliyosoma mimi na akasoma mama yangu, ilifungwa kiangazi kile kwa kukosa watoto. Tenbrook si mbali. Ukipanda kilima chetu unaiona ncha ya kanisa lao. Lakini basi la kwanza hufika kule masomo yameshaanza, gari sina, na duka la mikate linanitaka kazini kabla hakujakucha. Shule ilipokuwa jirani, mama wa nyumba ya pili alimvusha barabara tu, ikatosha. Neil, baba yake Bryony, anaishi Tenbrook kwa mama yake tangu tulipoachana. Basi tukakubaliana bila ugomvi: siku za shule atakaa kwao, Jumamosi na Jumapili kwangu. Nikasema ni mpaka nimalize masomo yangu ya jioni, nipate cheti cha kusaidia darasani na kazi ya mchana. Neil akasema sawa. Hakuna aliyeuliza itakuwa lini.

Asubuhi ile Neil alikuja kutuchukua mwenyewe. Njiani nikarudia na mwanangu yale maneno. Tenbrook wana desturi yao: muhula mpya ukianza, kila mtoto mgeni husimama kwenye ngazi za msalaba wa mawe katikati ya soko, akataja jina lake na mji wake, watu wote wakisikia. Wa Tenbrook hupigiwa makofi. Wa Orsley huzomewa, kisha hupewa mkate mtamu wa zabibu, watu wakacheka. Ni utani wa tangu na tangu, na sisi tuliwafanyia wao vivyo hivyo chini ya saa yetu. Nikamwambia Bryony wakimzomea na yeye awacheke. Aseme jina lake, aseme anatoka Orsley. Moyoni nilikuwa nimeshikilia neno hilo moja. Atalala kwao, atavaa sweta yao ya kijani, lakini akilitamka pale juu mbele yao wote, bado ni wa kwangu.

Sokoni muuza jibini alitutambua mara moja.

"Hao wa Orsley," akawaambia wateja wake. "Wamekuja kuona saa inayotembea."

"Yetu imesimama kuwangoja nyie mjifunze kuisoma," nikamjibu. Wakacheka, nami nikacheka, na kwa muda huo mdogo nikaona mambo yatakuwa mepesi.

Mwalimu mkuu, Bi Pargeter, akaanza kuita majina. Wa kwanza kutoka kwetu alikuwa binti wa fundi bomba. Akazomewa, akatoa ulimi, akachukua mkate wake. Lakini mwaka ule wa kwetu walikuwa wengi, na kila aliyepanda alizomewa zaidi ya aliyemtangulia. Wanafunzi wakubwa wakaanza kupiga miguu chini. Hawakuwa na ubaya, utamu wa mchezo ulikuwa umewapanda tu. Mtoto wa nne aliposema Orsley, sauti ile ikamfunika, akaanza kulia pale pale kwenye ngazi, na baba yake akaenda kumbeba.

Aliyefuata alikuwa Bryony. Midomo yake ilikuwa inarudia maneno niliyomfundisha, na kidevu kinatetemeka. Akanitafuta kwa macho.

Nikapenya katikati ya watu, nikapiga magoti mbele yake.

"Mama, hebu nisikilize," nikamwambia. "Waambie tu unapokaa. Sasa unakaa hapa, kwa baba na bibi. Huo si uongo."

Akaninong'oneza akitaka kujua kama nitakasirika. Nikamwambia hapana, hata kidogo. Nikamnyoosha ukosi wa ile sweta ya kijani, ingawa ulikuwa umekaa vizuri, nikarudi nyuma.

Neil alikuwa amesikia. Akanitazama, halafu akatazama viatu vyake. Mama yake, Bibi Hilary, ambaye tangu niachane na mwanawe sikuwa na mazungumzo naye zaidi ya salamu, akaja akaniingizia mkono kwapani, akaniegemeza kwake.

Bryony akapanda ngazi moja, ya pili, ya tatu. Pale juu alionekana mdogo kuliko nilivyomjua nyumbani. Bi Pargeter akainama, akamuuliza yeye ni nani na ni wa wapi. Soko likatulia. Niliona mikono ya watu imeshainuka, wakisubiri kujua kama watampigia makofi au watamzomea. Na mimi nikainua yangu, tayari kupiga makofi.

"Naitwa Bryony Tuckwell, nakaa Tenbrook."