Mgeni Asiyetoka kwenye Waifai ya Nevena

Nevena alikuwa kwenye roshani ya ghorofa ya tano, mjini Ruse, akichoma pilipili hoho za kuhifadhi kwa majira ya baridi. Alipoingia ndani kuchukua chumvi, aliwakuta watu watatu sebuleni.

Mzee Stanoy wa ghorofa ya pili alikuwa kwenye kochi akitazama mpira kwenye simu. Alionekana kuanzia kiunoni kwenda juu tu, kwa sababu waifai ya Nevena aliyokuwa akiitumia haikumfikia vizuri huko chini. Mwanafunzi wa mlango wa jirani alikuwa mzima, ila miguu imefifia. Wa tatu, karibu na dirisha, alikuwa Lyubomir, mume aliyeachana naye, ambaye sasa aliishi Varna. Yeye alionekana wazi hadi kidoti cha shingoni.

"Karibuni," alisema Nevena, akachukua chumvi.

Dada yake, Zornitsa, aliposimuliwa kwa simu, alicheka. "We ulitegemea nini? Nenosiri lako la waifai ni moja mpaka nane! Weka refu, changanya herufi na namba, na usimpe mtu."

Nevena akalibadilisha. Mzee Stanoy akayeyuka mechi ikiendelea, na muda si mrefu akaja kugonga mlango. "Mwanangu, hata penalti hukuniachia!" Mwanafunzi naye akatoweka. Lyubomir akabaki.

"Huyo hakupitia hapo," alisema Zornitsa, sasa hacheki. "Kuna nenosiri jingine, la mipangilio ya ruta yenyewe, hicho kisanduku cha waifai. Nani aliifunga?"

"Yeye."

"Basi funguo anazo. Anaona nani kaingia, na unafungua nini."

Nevena alichokoa kitundu cha nyuma ya ruta kwa kibanio cha nywele, ili kufuta mipangilio yote. Taa zikazimika, Lyubomir naye akazimika. Zilipowaka, alikuwa kitini, safari hii amevua koti.

Mwanamke wa kampuni ya mtandao alieleza kwa upole kwamba ruta ikifutwa, hujirudishia mipangilio ya mwenye mkataba. "Na mwenye mkataba ni Bwana Lyubomir. Abadilishe mwenyewe."

"Yupo hapa, amekaa."

"Vizuri, mpe simu."

Nevena akampa. Lyubomir hakuipokea.

"Basi nipeni mkataba wangu."

"Nyumba ni ya nani, mama?"

"Yake."

"Tutahitaji sahihi yake."

Kuizima ruta hakuweza. Alikuwa akipokea simu za wateja wa duka moja la Vienna kwa mtandao huohuo, na mkate wake ulitoka humo.

Polisi aliyeitwa na Nevena alikuja, akavua kofia, akampungia Lyubomir.

"Anakupiga?"

"Hapana. Ananitazama."

"Kutazama tu, dada? Na mtandao ni wake." Akaonja pilipili moja, akasifu, akaenda zake.

Theluji ilipoanza, Nevena alikuwa amezoea kubadili nguo bafuni, simu akiiacha nje. Wateja wa Vienna aliwajibu kwa sauti ya uchangamfu. Siku za usafi alisema, "Inua miguu," na Lyubomir akainua, naye akafagia chini yake.

Jumapili Zornitsa alipiga. "Niambie ukweli, mdogo wangu. Uko salama?"

Nevena alimtazama Lyubomir. Alikuwa ameinama mbele kidogo, ametega sikio.

"Salama kabisa," alisema. "Huku hakuna jipya."

Lyubomir akaegemea tena kiti.