Uma wa Sita

Asubuhi ile tume ilipokuja kukagua nyumba yangu, nilimwambia mke wangu avue viatu.

"Nivue?" Emérence aliuliza. "Viatu ulininunulia weye mwenyewe?"

"Mutumishi havalake viatu."

Alivisukuma chini ya kitanda, akafunga kitambaa cha jikoni kiunoni, wala hakuniuliza tena.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na sita. Mimi Bulonza nilikuwa karani kwenye ghala la kahawa hapa Bukavu, na nilikuwa nimeomba kadi ambayo serikali ya Wabelgiji iliwapa Waafrika walioonekana na tume yao kuwa wamestaarabika. Mwenye kadi hachapwi kiboko. Nilitaka hilo tu. Miaka miwili nyuma nilimjibu Mzungu mmoja vibaya, nikalazwa kifudifudi mbele ya watu, nikachapwa viboko vinne. Vinne tu, watu walisema. Emérence alikuwa amesimama langoni, amebeba chakula changu cha mchana.

Tangu siku ile sikumtungia wimbo tena. Na kabla yake nilikuwa kijana wa nyimbo! Nilimchumbia mwaka mzima nikivuka ziwa kwa mtumbwi hadi kwao kisiwani Idjwi, safari ya kutwa, nikipiga kasia na kuimba jina lake, mpaka mama yake akachoka kunifukuza.

Tume ilitaka kuona mke anavyokula na anavyozungumza Kifaransa. Nilinunua uma sita, nikamfundisha miezi mitatu. Nilipomtazama mkono ulimtetemeka, na mimi sikuacha kumtazama. Mwishowe nikamwomba Martine, dada wa rafiki yangu Gérard, aliyesomeshwa na masista, akalie kiti cha Emérence kama mke wangu kwa siku moja.

Wazungu walikuwa wawili. Walikula, wakamsifu Martine. Kisha mmoja akaangusha uma. Emérence akaja miguu mitupu, akauokota, akaleta mwingine safi, akauweka kushoto kwa sahani, meno juu. Mkono wake haukutikisika hata kidogo.

"Na huyu ni nani?" Mzungu akauliza.

"Mtumishi," nikajibu kwa Kifaransa.

Neno lile Emérence alilijua. Nilimfundisha mimi.

Kesho yake alfajiri alipanda mashua ya kwanza kurudi kwao. Viatu vilikuwa palepale chini ya kitanda. Nilipohesabu uma nikakuta tano.

Kadi ilitoka baada ya wiki tano. Ndani yake, mahali pa mke, waliandika jina la Martine. Niliitia mfukoni nikaenda bandarini. Polisi aliiona, akanipigia saluti. Mimi, niliyelazwa kifudifudi!

Kwenye mashua mama mmoja alinipa kiazi cha kuchoma. Nilikigeuzageuza, sijui nikianzie wapi na koti langu la kizungu.

"Papa, kiazi haina meno," alisema, na mashua nzima ikacheka. "Kamata, ukule!"

Nilikula kwa vidole, masizi yakanichafua mikono. Nikamjibu kwa Kishi, lugha yetu ya nyumbani niliyoipiga marufuku kwangu, naye akacheka zaidi, akaniuliza nilikuwa nimejificha wapi. Maji yalipiga ubavu wa mashua, na wimbo wa Emérence ukanirudia kinywani, ubeti baada ya ubeti. Nilijiona nimerudi kuwa yule wa mtumbwi. Nikaapa kwamba nikifika nitaichana kadi ile mbele yake.

Nilimkuta akipalilia maharage. Hakuacha jembe.

"Karibu, patron," alisema, neno la mtumishi kwa bosi wake.

"Emérence, nimekuja kukuchukua."

"Kama nani?"

"Kama muke wangu."

"Ile kadi unayo?"

Nikaitoa.

"Unisomee. Muke ni nani?"

Niliigeuza upande wa pili.

"Soma, Bulonza. Miye sikusoma kwa masista."

"Ni Martine," nikasema. "Lakini ni karatasi tu."

"Kama ni karatasi tu, pasula."

Niliishika kwa mikono miwili. Ilikuwa laini, ingechanika kama jani la mgomba. Wimbo ulikuwa bado mdomoni, mapenzi yalikuwa yamenijaa hadi kooni, naapa. Lakini mgongo wangu ukakumbuka. Kiboko cha kwanza, cha pili, na kile cha nne ambacho nilikililia kama mtoto. Vidole vikagoma. Mwishowe nikaikunja kadi taratibu, ili isiharibike, nikairudisha mfukoni.

Emérence alikuwa ameacha kulima. Alikuwa anatazama mikono yangu, kama mimi nilivyokuwa nikitazama yake.

"Umetoka mbali," alisema kwa upole. "Kuja, ukule."

Nyumba ya mama yake ina kiti kimoja. Alikifuta kwa kanga, akanikalisha. Mama yake na yeye walibaki jikoni, nikasikia wakizungumza chinichini. Emérence akaja miguu mitupu na sahani ya maharage na ndizi. Akaiweka mbele yangu, na kushoto kwake, meno juu, akaweka uma wangu wa sita.

"Monsieur iko na haja ya kingine?"

Nilitaka kusema jina lake. Nikatikisa kichwa.

Akarudi jikoni kula na mama yake kwa mikono. Mimi nikaushika ule uma, nikala peke yangu, vizuri kabisa, bila kuangusha hata punje.